Una PC tayari? Mimi ningechukua Switch 2

Mkuu, umesema una PC yenye nguvu na unasita kati ya konsoli (mashine za gemu) tatu: Xbox ya Microsoft, PlayStation 5 (PS5) ya Sony na Switch 2 ya Nintendo. Xbox iweke kando tu. Gemu ambazo Microsoft yenyewe inazitoa kwa Xbox siku hizi huingia Windows siku hiyohiyo, na Game Pass, usajili wao wa kulipia unaokupa gemu nyingi kwa pamoja, ipo hadi kwenye PC. Utakuwa umenunua kitu ulichonacho.

PlayStation ndiyo yenye mjadala. Sony imeleta gemu zake kadhaa kwenye PC, ila kwa kuchelewa: God of War ilitoka 2018, sisi wa PC tukaipata Januari 2022. Kama una subira, subiri. Kama huwezi kuvumilia wenzako wakikusimulia mwisho wa hadithi, nunua. (Pedi yake, DualSense, inafanya kazi kwenye PC hata bila konsoli, ukitaka kuonja tu.)

Nintendo ndio hawaleti kabisa Mario wala Zelda zao kubwa kwenye PC. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inacheza pia gemu nyingi za Switch ya kwanza, kwa hiyo siku ya kwanza tu una hazina ya tangu 2017. Picha zake hazitafikia PC yako, usijidanganye. Lakini unaichomoa kwenye TV unaenda nayo kitandani.

Halafu jiandae: kwenye Switch na PS5, gemu nyingi za kulipia zinadai usajili wa kulipia ili ucheze na wengine mtandaoni. Sisi wa PC hatujazoea hiyo.