Magugu yameng'olewa, mbona mimea ya asili hairudi?
Umeuliza kwa nini miche ya asili inasuasua hata baada ya kung'oa magugu vamizi. Ndugu, mgeni ameondoka lakini udongo ameuacha umebadilika. Chukua Alliaria petiolata, mmea wa Ulaya uliovamia misitu ya Marekani. Ukifikicha jani lake linanuka kitunguu saumu. Kemikali zake hudhuru kuvu wanaoishi mizizini mwa miti na kuipatia fosforasi. Mmea wenyewe hauwahitaji kuvu hao, kwa hiyo hauna hasara!

Kule Hawaii mambo ni kinyume: mti mvamizi wa Morella faya una bakteria mizizini wanaonasa nitrojeni ya hewani, basi udongo maskini wa volkano unarutubika, na mimea mingine ya kigeni hupata mwanya. Mimi nisingekimbilia mbolea. Ningechanganya kwanza udongo kidogo wa msitu ambao haujavamiwa kwenye mashimo ya miche, ili kuwarudisha kuvu wale wa mizizini.