"Kutapika si deko": mama mkwe hataki nishone maneno haya

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Mimba zangu zote mbili nilitapika hadi nikawa wa kubebwa. Ya pili nililazwa nikawekewa dripu; jirani akichemsha mawese tu, mimi chini. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimwaga beseni usiku. Sasa nashona mifuko ya vitenge, na kila mmoja naudarizi maneno "Kutapika si deko". Inanunuliwa, na wanawake hunivuta pembeni kunisimulia yao. Tatizo ni mama mkwe. Anasema naanika mambo ya ndani sokoni, na kwamba hakuna aliyebeba mimba asitapike. Niache?
Mama wa Wawili, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache.

Nimefanya ukunga mkoani Kigoma maisha yangu yote ya kazi. Wengi walioletwa wamekauka midomo na macho yameingia ndani hawakukosa nauli. Walicheleweshwa na neno hilohilo la mama mkwe. Ni kweli wajawazito wengi hupata kichefuchefu, na wengi wao hutulia mimba ikikua. Wako ni ugonjwa mwingine, kitabibu haiperemesisi gravidaramu, unaowapata takriban wajawazito 1 hadi 3 katika kila 100. Mama hupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake: aliyeanza na kilo 60 anashuka chini ya 57.

Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Mmarekani Marlena Fejzo ambaye aliugua mwenyewe na kupoteza mimba, walionyesha kuwa chanzo kikubwa ni homoni ya GDF15 inayotoka kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na homoni hiyo kidogo kabla ya mimba huumia zaidi inapopanda. Hapo deko linaingia wapi?

Ila maneno yako yanaishia njiani. Mfikirie binti wa Kibirizi, mwalo wetu wa samaki, dagaa wameanikwa hadi mlangoni pake, amenunua mfuko wako. Usiku anatapika. Mfuko umeshamwambia hadeki. Haujamwambia aondoke nyumbani saa ngapi. Basi ndani, pale mkono unapoingia kutafuta chenji, mshonee lebo: nenda hospitali leo kama hujakojoa kwa saa 8 au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, kama kutwa nzima, usiku na mchana, hata maji hayakai tumboni, kama ukisimama unaona kizunguzungu, kama unatapika damu, una homa au tumbo linauma. Homa huku kwetu isisubiriwe hata kidogo. Malaria nayo hutapisha, na mjamzito lazima apimwe.

Wale wanaokuvuta pembeni waambie dawa za kuzuia kutapika ambazo mjamzito anaweza kutumia zipo, wamwombe daktari. Aliyetapika wiki kadhaa akumbushe apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, maana glukosi bila vitamini hiyo inaweza kumdhuru ubongo. Na usije ukapanga tangawizi kando ya mifuko ukaiita tiba. Humsaidia mwenye kichefuchefu chepesi. Aliyefika ulikofika wewe itamchelewesha tu.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye wewe. Aliyemwaga beseni ni mwanawe. Mumeo huyo akae na mama yake, amweleze alichokiona usiku ule, mkojo ulivyokuwa, jinsi alivyokubeba. Kwake yeye hayo si siri za ndani, ni ushahidi. Wifi zako nao wasikie, kwani watabeba mimba.

Mtaji ukiwa mdogo, jiungeni kikundi mwombe mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Katika hiyo 10, asilimia 4 ni ya wanawake. Lakini kabla hujakata lebo, iandike moja kwa mkono, umpelekee nesi wa kliniki yako aisome.