Maswali na majibu: Kuhamia Basilicata, Italia ya vijijini

Basilicata iko kusini mwa Italia, imebanwa kati ya Puglia, Campania na Calabria. Ni kilomita za mraba zipatazo 10,000 za milima na mashamba ya ngano, na watu wake hawafiki 550,000. Vijana wanaondoka, wazee wanabaki na nyumba za mawe. Nimepokea maswali mengi ya wanaotaka kuhamia huko. Haya ndiyo yanayojirudia.

Nyumba za euro moja ni za kweli au ni utapeli? (Msomaji, Arusha)

Ni za kweli, ndugu yangu. Mji wa Laurenzana, kwa mfano, umewahi kuziuza. Ila unachouziwa ni gofu. Unasaini kwamba utalikarabati ndani ya muda uliopangwa, na halmashauri nyingi hudai dhamana ya maelfu ya euro. Baada ya hapo kuna gharama za notari (mwanasheria anayethibitisha mauzo), msanifu, paa, maji na umeme.

Kubwa zaidi ni hili: hati ya nyumba si kibali cha kuishi. Bila viza ya muda mrefu, utakaa siku 90 katika kila siku 180, kisha utoke. Tena, raia wa nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya asiye na kibali cha kuishi Italia huulizwa kwanza kama nchi yake nayo inamruhusu Mwitaliano kununua mali kama hiyo. Tanzania haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji, kwa hiyo zungumza na notari kabla hujatuma hata senti.

Ushauri wangu: panga nyumba ya kukodi kwanza, upitishe majira ya baridi. Potenza, makao makuu ya mkoa, iko mita 819 juu ya usawa wa bahari na theluji huanguka. Nyumba ya mawe iliyokaa miaka bila moto ina baridi ya kuingia mifupani.

Nikifika nianze na ofisi gani? (Mwanafunzi, Nairobi)

Mwenye viza ya muda mrefu huomba kibali cha kuishi, permesso di soggiorno, ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Fomu huchukuliwa posta. Chukua pia namba ya kodi, codice fiscale. Bila hiyo hupangi nyumba wala hufungui akaunti. Kisha jiandikishe ukazi katika ofisi ya mji, na askari wa mji atakuja kuhakikisha kwamba kweli unaishi pale ulipoandika. Anza Kiitaliano ukiwa bado nyumbani. Huko vijijini usitegemee Kiingereza.

Kuna kazi? (Msomaji, Kigoma)

Zipo, na nyingi ni za shamba na za kutunza wazee majumbani. Uwanda wa Metaponto una stroberi, aprikoti na machungwa. Upande wa Palazzo San Gervasio kuna nyanya za viwandani, na Waafrika wengi huja kuzichuma msimu wa kiangazi. Hapo ndipo ninapokuomba uwe macho, kaka. Kuna madalali wa vibarua, caporali, wanaokata ujira wa mtu na kumtoza hata nauli ya kufika shambani. Sheria namba 199 ya 2016 inamwadhibu dalali pamoja na mwajiri anayewanyonya vibarua, lakini mtu asiye na mkataba wala kibali huogopa kushtaki. Usikubali kwenda kwa ahadi ya mdomo, hata aliyeahidi akiwa mtu wa kwenu.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, nguruwe yuko kila mahali: kwenye soseji ya lucanica, hata mafuta yake huingia kwenye baadhi ya mikate na maharage. Uliza bila haya. Nyama ya kuchinjwa kihalali itafute katika miji mikubwa.

Lakini jiko la huko lilijengwa na maskini, na maskini nyama hakuiona mara kwa mara. Pilipili nyekundu tamu za mji wa Senise hutungwa kwenye uzi, hukaushwa, kisha hupitishwa katika mafuta ya moto kidogo tu hadi ziwe kavu za kuvunjika. Huitwa peperoni cruschi, na huliwa na tambi au samaki wa chumvi. Mkate wa mji wa Matera ni wa ngano ngumu, na zamani kila familia ilipiga mhuri wake wa mbao juu ya donge la unga kabla ya kuupeleka kwenye tanuri la mtaa. Tarehe 1 Agosti watu wa Matera hupika crapiata, ngano nzima na jamii ya kunde katika chungu kimoja. Aliyekulia kwenye kande hatahitaji kufundishwa.

Halafu nenda Rotonda, chini ya milima ya Pollino. Fahari ya mji huo ni biringanya nyekundu iliyotoka Afrika, nayo ni ngogwe, yaani nyanya chungu! Sisi tunazichuma zikiwa changa. Wao huziacha ziwive, kisha huzihifadhi katika mafuta.

Watanipokea? (Mama wa watoto wawili, Bujumbura)

Utatazamwa sana mwanzoni. Msalimie kila mtu, hata unapoingia dukani, na mzee mwite “Lei”, neno la Kiitaliano la heshima, wala si “tu”, wanaloitana marafiki. Nawe si mhamiaji wa kwanza: huko San Paolo Albanese wanaishi wazao wa Waalbania waliohamia karne ya 16, na lugha yao ingali hai.

Nina siku mbili tu. Nione nini? (Msomaji, Muscat)

Siku ya kwanza Matera. Mapango ya Sassi yalikuwa makazi ya familia na wanyama wao, hadi sheria ya 1952 ilipoanza kuwahamisha watu wapatao 15,000. Mwaka 1993 UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia. Siku ya pili kodi gari uende Craco, mji uliohamwa baada ya maporomoko ya ardhi ya 1963, kisha Castelmezzano, ambako nyumba zimeegemea majabali. Ukiweza kuchagua tarehe, fika Accettura wakati wa Pentekoste: wanakijiji huburuta mti mkubwa kwa ng'ombe kutoka msituni na kuuozesha kwa mti mwingine. Vitanda ni vichache, weka nafasi mapema.