Yuan, dola na mabeseni ya Mbuyuni

SWALI: Shikamoo mama. Nauza mabeseni, ndoo na majagi ya plastiki Mbuyuni, hapa Moshi. Tunachangia kontena watu sita, mzigo unatoka Yiwu. Miaka yote tumelipa kwa dola. Safari hii muuzaji anataka yuan, fedha ya China, na wakala wetu anasema tumtumie mtu fulani kwenye akaunti yake binafsi hukohuko China, eti ndiyo njia ya haraka. Mume wangu naye anasema Wachina wanaishusha fedha yao makusudi ili watuuzie. Ni kweli? Na tulipe kwa ipi?
Muuza vyombo, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo akaunti, maana ndiyo inayoweza kuwafilisi wote sita. Msitume. Yuan haivuki mipaka kwa uhuru kama dola. Raia wa China anaruhusiwa kununua fedha za kigeni zisizozidi thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, kwa hiyo wanaotaka kukwepa kiwango hicho hutafuta akaunti za watu binafsi. Fedha yenu ikiingia humo, akaunti ikafungwa, mtamdai nani?

Nilikaa kaunta ya fedha za kigeni hapa Arusha miaka 19. Namkumbuka mama mmoja wa soko la Kilombero, ameshika risiti yenye jina la mtu asiyeonekana popote kwenye invoisi. Kiwandani walimwambia hawajaona hata senti. Alikaa kwenye benchi letu mpaka tukafunga mlango. Jina la akaunti lifanane na la kampuni iliyo kwenye invoisi, herufi kwa herufi.

Sasa mumeo. Anasema kweli, ila ni kweli ya miaka ya nyuma zaidi. Kwa miaka mingi hadi Julai 2005, dola moja ilikuwa yuan 8.28, haipandi haishuki. China iliingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, viwanda vikauza nje kwa wingi, dola zikamiminika. Dola zikijaa hivyo, yuan ilipaswa kupanda na beseni lako kuwa ghali. Ili isipande, benki kuu yao ikawa inazinunua dola hizo kwa yuan na kuziweka akiba, nyingi kwenye hati fungani za serikali ya Marekani, yaani kuikopesha serikali hiyo. Mwaka 2014 akiba hiyo ilikaribia dola trilioni 4. Kwa hiyo unafuu wa beseni haukutokana na mashine peke yake. Dada aliyelifinyanga kule kiwandani alilichangia pia, maana mshahara wake wa yuan ulinunua kidogo cha vitu vya nje. Na mtu wa kwetu mwenye kiwanda cha ndoo alishindana na bei hiyohiyo. Hao wawili huwa nawafikiria kila nipitapo kwenye vyombo vya plastiki.

Baadaye mambo yaligeuka. Agosti 2015 waliishusha yuan karibu asilimia 2 kwa siku moja, watu wakaanza kuhamisha fedha zao nje, na benki kuu ileile ikalazimika kuuza dola ili yuan isianguke. Siku hizi kila asubuhi ya kazi hutangaza bei ya katikati ya yuan kwa dola, na biashara ya siku huruhusiwa kupanda juu yake au kushuka chini yake kwa asilimia 2 tu.

Mlipe kwa ipi? Ombeni bei zote mbili, kwa mzigo uleule, siku ileile. Anayekuandikia dola anajua atazibadilisha ili alipe mishahara, hivyo huweka kinga ndani ya bei. Tuseme katoni ni yuan 360. Dola ikiwa yuan 7.2, hizo ni dola 50. Akikuandikia 53, zile 3 ni woga wake, nawe ndiye unayezilipa. Ila ukichukua bei ya yuan, woga unahamia kwako: ukitanguliza asilimia 30 na kubakiza 70, kisha dola ikashuka hadi yuan 6.9, salio hilo utalilipa kana kwamba katoni nzima ni zaidi ya dola 52. Tena shilingi yetu nayo ina mwendo wake. Kama salio mnalo mkononi, nunueni yuan zote mapema, msisubiri mzigo uwe tayari.

Kabla ya hapo nendeni benki mbili, muulize bei ya kuuza yuan na gharama ya kutuma. Kwa kontena zima, nimewahi kuona tofauti kati ya benki na benki iliyotosha kulipia lori kutoka Dar hadi Moshi.