Gitaa linarudi, lakini lianzie kwa kidole gumba

Wiki hii mmeuliza ni kitu gani tuliacha tukiwa vijana tukakirudia ukubwani, na kama kweli kinarudi. Kwangu ni gitaa. Nilipiga nikiwa shule, kazi ikaanza, watoto wakaja, likakaa miaka mingi bila kuguswa.

Linarudi, nawaambia, ila si yote mara moja. Vidole vya kushoto vitauma juu zile sugu zilishaisha na nyuzi za chuma zinakata, lakini ukipiga kidogo kila siku ngozi inakuwa ngumu tena, hiyo isikutoe. Kinachotoa watu wengi ni sikio. Hiyo miaka yote mkono umelala sikio limekuwa likisikiza muziki tu, kwa matatu, kwa harusi, kanisani, kwa hivyo ukirudi unasikia kila mahali umekosea na ukiwa kijana hukuwa unasikia hata nusu. Mtu anadhani ameharibika kumbe anasikia vizuri kuliko zamani!

Anayerudi kwa gitaa mimi ningemwambia aanze na gumba. Tuko na omutibo hapa Kenya, ile staili ya gitaa ya George Mukabi aliyefariki 1963, na kuna mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Kongo ambaye Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi 1952, na hawa wote kazi kubwa ilikuwa ya vidole viwili, gumba linashikilia besi bila kukatika halafu cha shahada kinaimba huku juu. Hebu sikiza Mukabi na ile chupa ya Fanta inavyogongwa kushika mdundo, hakuna mtu ana haraka pale. Kwa hivyo chukua nyuzi za besi peke yake, gumba tu, polepole, mpaka uweze kuongea na mtu wa nyumba na gumba halisimami. Hapo ndio uongeze shahada, usikubali kuongeza mapema hata ukiombwa wimbo. Mimi hupiga jioni mapema juu hapa Umoja, Nairobi, nyumba zimeshikana na majirani wanaamka asubuhi sana.

Na kabla ya yote badilisha nyuzi. Zilizokaa miaka zina kutu, hazishiki tuni na zitakufanya uone shida ni wewe, maduka ya muziki tao yanauza seti mpya, uliza zile nyembamba, vidole vitakushukuru.