Barua kwa mwanangu: simu ya milioni tatu na nusu

Mwanangu,

Marahaba. Ule ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa na mama yako barazani. Umeniuliza hivi: "Baba, maisha yako yote unafungua simu za watu. Hizi za milioni tatu na nusu zina nini ndani? Bei inapanda kila mwaka, wenzangu wananiambia nikichelewa nitaikuta nne. Ninunue?" Ukaongeza kwamba duka moja la Kariakoo limekubali uichukue sasa ulipe kidogo kidogo kwa mwaka. Nimeona nikujibu kwa maandishi ili uyasome ukiwa umetulia, maana saluni kwako hakuna dakika ya utulivu.

Nianze na hilo la ndani, kwa kuwa umeniuliza kama fundi. Wiki iliyopita nilikuwa na mojawapo mezani, ya bwana mmoja aliyeingia nayo baharini kule Raskazone. Ukishatoa kioo, kitu kinachokushangaza ni udogo wa bodi, ule ubao wenye chipu: haufiki nusu ya kitambulisho cha taifa. Betri imechukua sehemu kubwa, na nafasi iliyobaki imeliwa na kamera. Hapo kwenye kamera ndipo penye tofauti ya kweli. Kile kijisahani kinachopokea mwanga ni kipana zaidi, na kipo cha pili chenye lenzi ya kuvuta mbali. Jua likishazama, au ukumbini bibi harusi akiwa chini ya zile taa za rangi, simu ya laki saba inaanza kubahatisha lakini ile kubwa bado inaona. Sitakuficha hilo, nawe kazi yako ni sura za watu.

Lakini nyingi ya picha zako unapiga mchana, dirishani, mteja amekaa umemsogezea ile taa ya duara. Kwenye mwanga kama huo nimeziweka picha za simu mbili upande kwa upande, na mama yako, ambaye jicho lake unalijua kwenye khanga na rangi, hakuweza kuniambia ipi ni ya ghali. Kisha ukiirusha picha hiyo WhatsApp, yenyewe inaibana iwe nyepesi. Mteja wako anayeitazama Mbagala kwa bando la siku hapati ile picha uliyoiona wewe.

Sasa bei. Iphone ya kwanza kabisa, mwaka 2007, ilianzia dola 499, tena mnunuzi akijifunga kwa mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mtandao. Mwaka 2017 ikatoka iPhone X kwa dola 999, watu wakashika vichwa. Galaxy S24 Ultra ya Samsung, Januari 2024, ilianzia 1,299, dola mia juu ya iliyoitangulia. Halafu Septemba 2025 ikaja iPhone 17 Pro kwa 1,099. Hiyo ya mwisho itazame vizuri. Ile ya mwaka uliotangulia, iPhone 16 Pro yenye GB 256, nayo ilikuwa 1,099. Walichofanya ni kuiondoa ya GB 128, ile ya dola 999. Aliyekuwa anaingia kwa mlango wa chini ameukuta umezibwa.

Kwetu huku lipo na la shilingi. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,240. Katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Kwa hiyo simu iliyobaki kwenye dola 999 ileile, bila kuongezwa hata senti na mtengenezaji, kwetu ilipanda kwa zaidi ya laki tatu na nusu, kabla hujaweka kodi, usafiri na faida ya mwenye duka. Watu walikuja kwangu wakilalamika kwamba wenye maduka ya mtaa wa Aggrey wamekuwa na tamaa. Wengine huenda wanayo, lakini sehemu kubwa ya mzigo ule ilitoka kwenye sarafu yetu.

Wenzako wanaosema itapanda tena hawajakosea sana. Chipu za kumbukumbu duniani zinatengenezwa kwa wingi na kampuni tatu, Samsung, SK hynix na Micron, na kuanzia mwishoni mwa 2025 bei zake zimeruka kwa sababu majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia yanazinunua kwa fujo. Chipu hizo zimo kwenye kila simu, ya bei kubwa na ya bei ndogo. Ila wao wanaitumia habari hiyo kukuharakisha, na mimi naiona kinyume. Kama kumbukumbu imekuwa ghali, basi simu yenye kumbukumbu nzuri iliyomo mkononi mwako leo ndiyo mali ya kutunza. Uikimbilie nyingine ya nini, kama hiyo bado ina uhai?

Na uhai wa simu, mwanangu, ndicho kitu ambacho mafundi tunakiona na wauzaji hawakitaji. Siku hizi simu inaweza kuwa nzima, kioo safi, haina mkwaruzo, na bado imekufa kwa kukosa masasisho, hizo mnazoita apdeti. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliziacha simu zenye mfumo wa zamani wa Android 4.4, na pale kibandani nikapokea watu wanaodhani simu zao zimeharibika. Mama mmoja muuza samaki wa soko la Deep Sea alinipa yake akiwa na machozi. Hakikuwepo cha kutengeneza.

Hapo ndipo simu za bei kubwa zimepata hoja ambayo zamani hazikuwa nayo. Google walipotoa simu yao ya Pixel 8, Oktoba 2023, waliahidi masasisho ya miaka saba. Samsung wakafuata kwa Galaxy S24. Apple kwa kawaida hawaahidi kwa sauti, ila iPhone XS na XR za 2018 zilipata mfumo mpya kila mwaka mpaka zilipoachwa Septemba 2025. Fanya hesabu. Milioni tatu na nusu ukiigawa kwa miaka saba, ni kama shilingi 41,700 kwa mwezi. Ukiitupa baada ya miaka miwili kwa sababu imetoka yenye rangi nyingine, umelipa karibu 146,000 kwa mwezi. Simu ni ileile. Kwa hiyo jibu langu kuhusu thamani ni hili: inayo, kwa mtu atakayekaa nayo mpaka mwisho wake. Kwa wengine wote naona ni hasara, nami nimewaona wengi.

Tena ahadi hiyo imeanza kushuka chini. Galaxy A16, simu ya watu wa kawaida, ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na ahadi ya miaka sita. Nilipolisoma hilo nilifurahi kwelikweli, kwa ajili ya yule mama wa samaki na wenzake.

Tuje kwenye simu yako. Ni Galaxy A54 ya Samsung, ya 2023, masasisho yake ya usalama yanafika 2028. Umesema mambo mawili: ikifika adhuhuri chaji imekwisha, na imekuwa nzito. Hayo kwangu hayaniambii kwamba simu imezeeka. Betri za aina hii ni kitu kinacholika. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimekusudiwa kubaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku, kama wewe, mizunguko 500 anaimaliza kabla ya mwaka na nusu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanazipunguza kasi simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, na mwezi huohuo wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu wangapi walikuwa wameshanunua simu mpya wakati ilihitajika betri tu? Jambo hilo liliniuma na linaniuma bado.

Wewe ulikua na betri za BL-5C, zile za Nokia 1100, unakumbuka ulivyokuwa unazipanga kama vitofali chini ya meza yangu. Mtu alifungua kifuniko kwa ukucha akaweka nyingine. Mpaka leo vijiredio vya sokoni vinatumia betri hiyohiyo. Sasa zimegandishwa kwa gundi, na kwenye iPhone ukibadilisha kioo kwa kisicho cha kwao, simu inamwandikia mwenyewe kwamba kioo hakitambuliki. Kioo cha hizo za bei kubwa, mwanangu, peke yake kinanunua simu nzima ya wastani. Hilo litie kwenye hesabu, maana wewe simu unaiweka ukingoni mwa meza ya kuoshea nywele, nimekuona.

Kuhusu uzito: hiyo ni picha. Umezijaza mpaka simu haina pa kupumulia. A54 ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kitu ambacho Samsung wamekiondoa kwenye Galaxy S tangu S21 ya 2021. Kwenye hizo za ghali nafasi unainunua dukani siku ya kwanza: iPhone 17 Pro kutoka GB 256 kwenda 512 ni dola 200 zaidi. Wewe tia kadi, hamishia picha huko. Itakubidi uitoe laini ya pili, kwa kuwa kadi inakaa mahali pake. Laini hiyo ihamie kwenye kitochi.

Sasa niseme la mkopo, na hapa naomba unisikilize kama baba kuliko kama fundi. Kijana mmoja wa jirani, dereva wa bodaboda, alichukua simu ya kulipa kila siku. Aliumwa malaria siku tisa. Simu ikafungwa kutoka huko waliko, kioo kikamwandikia alipe. Wateja wake wote walikuwa wanampigia kwa namba hiyo. Akakosa kazi ya kumpatia pesa ya kuifungua. Nilimwazima kitochi nikamwambia atie laini yake humo, akarudi barabarani. Wewe maharusi wako wote wanakupata kwa simu. Chombo kinachokuletea riziki kisiwe mikononi mwa mtu anayeweza kukifunga siku umelala na homa.

Na lipo ambalo hukulisema kwenye ujumbe, ila mama yako amelisikia kwenye sauti: kwamba wateja wa ukumbini wanaitazama simu yako kabla ya kuitazama kazi yako. Nakuamini. Mimi nilipoacha kutengeneza redio nikaingia kwenye simu nilidhani hivyohivyo. Niliuza bangili ya dhahabu ya mama yako, kwa ridhaa yake, nikanunua simu kubwa ya wakati ule, niiweke juu ya meza watu wajue fundi huyu si wa kubahatisha. Waliokuja walikuja kwa sababu nilimtengenezea mwalimu wa madrasa simu iliyoshindikana kwa mafundi wawili, naye akasema msikitini. Bangili haikurudi. Mama yako hajanitajia hata siku moja, nami siku zote naiona kwenye mkono wake mtupu.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri harusi za Mfungo Mosi zipite, kila harusi tenga kitu. Fedha ikitimia mkononi na bado unaona kazi za ukumbini usiku zimekuwa nyingi, nitakuja Dar tukatafute pamoja. Nitapendelea yenye umri wa mwaka mmoja au miwili, kwa mfano ya milioni moja na nusu iliyobakiza miaka mitano: hiyo ni 25,000 kwa mwezi, na kamera yake inaikaribia hiyo unayoililia. Zipo nyingi zilizotumika zinazotoka Dubai, nzuri na mbovu zimechanganyika. Usitoe pesa kabla hujabonyeza *#06#, ukaituma ile namba ya utambulisho wa simu inayotokea kwenda 15090 na kuona jina linalorudi linafanana na simu uliyoishika. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano, walipozima simu bandia, foleni iliyokuwa kibandani kwetu. Na uniachie mimi niifungue niitazame ndani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, tunaondoka.

Kwa sasa nitumie hiyo A54. Ihamishe picha zote kwanza, utoe laini, uifunge kwenye boksi na kitambaa, mpe wa basi la asubuhi Jumatatu. Betri nimeshaiagiza, ya kwake hasa. Ujue kwamba ikishafunguliwa, ule uwezo wake wa kuzuia maji hautakuwa tena kama wa kiwandani hata nikiigandisha vipi, basi iweke mbali na beseni. Jumatano itakuwa imerudi.

Nitakuwa stendi ya Kange tangu saa sita nikilisubiri basi. Mama yako anasema uweke na lile bakuli lake la mfuniko wa buluu, ana visheti vya kukutilia humo.

Baba yako
Ngamiani, Tanga