Mtaro mmoja, serikali nne

Mhariri ameuliza wiki hii: kati ya serikali ya jiji, kaunti, jimbo na shirikisho, ni ipi inayomhudumia vyema mkazi wa mji wako? Mimi ni Mtanzania ninayeishi Houston, Texas, na swali linaloniumiza hutangulia hilo: mkazi atajuaje abishe mlango upi? Kwetu Tabata, mwenye shida huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye hata kama hana uwezo wa kumsaidia, walau anamfahamu.

Chukueni maji ya mvua. Mitaro ya kando ya mitaa ni kazi ya jiji, mikondo mikubwa kama Brays Bayou iko chini ya mamlaka ya mafuriko ya kaunti iliyoundwa na bunge la jimbo mwaka 1937, barabara kuu ni za jimbo, na mabwawa ya Addicks na Barker ni ya wahandisi wa jeshi la Marekani. Mabwawa hayo yalipofunguliwa Agosti 2017, wakati wa kimbunga Harvey, maji yaliingia katika nyumba nyingi kando ya Buffalo Bayou, na juu ya uamuzi ule diwani hakuwa na kauli.

Jirani yangu, mama wa makamo kutoka Uvira, alikuwa na mtaro uliosimama maji mbele ya nyumba yake. Kila mvua iliponyesha, maji yalipanda hadi barazani, na yalipotulia yakazaa mbu. Tulipiga simu ofisi ya kwanza, nikiwa mkalimani wake, tukaambiwa kwamba kalavati lililoziba limo ndani ya eneo la barabara kuu. Ofisi ya pili ilisema kalavati ni zima, bali mkondo linakomwagia maji umejaa tope. Ya tatu ilitazama ramani yake, ikatueleza kwa upole mkubwa kwamba mkondo wake unaanzia mbele zaidi, na kwamba turudi kwa wale wa kwanza. Mama alinishika mkono akasema, “Mwanangu, mimi sitafuti serikali, natafuta maji yatoke.” Nilishindwa kuitafsiri kauli hiyo kwenye simu, kwa sababu aliyekuwa akinisikiliza alikuwa amekwisha kutaja namba nyingine ya kupiga. Maji yalitoka baada ya msaidizi wa diwani kuwaunganisha watu wa ofisi mbili katika simu moja. Walikuja pamoja, wakazibua pande zote mbili kabla ya adhuhuri.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai kwamba mji uwe na serikali moja tu. Lakini siwezi kupuuza yaliyotokea mwaka 2021, jimbo lilipogawa takriban dola bilioni 1 za shirikisho kwa ajili ya kujikinga na mafuriko, ambapo jiji la Houston na kaunti yetu, ya Harris, hazikupata hata senti katika mgao wa kwanza. Wakazi walilalamika ngazi ya juu, na mwaka uliofuata wizara ya nyumba ya shirikisho ikabaini kwamba vigezo vya mgao viliwabagua watu weusi na Walatino. Kama mamlaka yangekuwa mamoja, malalamiko yale yangepelekwa kwa huyo huyo aliyegawa.

Kwa hiyo, nikilazimika kutaja moja, nataja kaunti, ambayo mwaka 2018 iliwaendea wapiga kura na kupata idhini ya kukopa dola bilioni 2.5 kwa kazi za mafuriko. Na nasema hivyo kwa suala la maji peke yake, kwani kwa takataka na maji ya bomba ningetaja jiji. Zote nne na zibaki, ila kwa sharti hili: ofisi itakayopokea simu ya mkazi iwajibike kulifikisha shauri lake kwa mhusika, na kumjulisha mkazi huyo, kwa lugha anayoielewa, nani amelipokea.